Unga wa lishe wa mchanganyiko 12: umejaa mfukoni, mwepesi kikombeni

Mfuko ni wa kilo 1, wa plastiki angavu, wenye picha ya mtoto mnene anayecheka na maandishi makubwa kwamba ndani kuna mchanganyiko wa aina 12. Mifuko ya namna hii imejaa kwenye maduka ya mtaani, kwenye supamaketi na kwa wauzaji wa mtandaoni, Dar es Salaam hadi Mwanza. Inafanana mno, na kasoro zake zinafanana vilevile, ndiyo maana hapa hatumtaji mtengenezaji. Bei yake ni kama mara mbili ya sembe, pengine zaidi. Mnunuzi ni mama ambaye mtoto wake ametimiza miezi 6, au mtu mwenye mgonjwa ndani, na wote wawili wanatoa fedha wakiwa na matumaini makubwa. Wanastahili kujua wanachopata katika kila kikombe.

Tuanze na orodha ya nyuma ya mfuko: mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga, maharage, ufuta, mbegu za maboga, dagaa. Kwa kanuni za lebo, viambato hutajwa kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Soya imekaa nafasi ya saba. Fanya hesabu: kitu cha saba hakiwezi kuzidi moja ya saba ya mfuko, yaani gramu 143 kwa kilo, na hapo ni iwapo vitano vinavyofuata havina uzito wowote. Kiasi halisi lazima kiwe chini ya hapo. Sita vya mwanzo vyote ni nafaka, na nafaka zote zina upungufu uleule: protini yake ina lisini kidogo, na lisini ni sehemu ya protini ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Ukichanganya mahindi na mchele, ngano, mtama na uwele, umechanganya maskini watano. Anayeziba pengo hilo ni jamii ya kunde: soya, maharage, choroko, kunde zenyewe. Kwa hiyo namba 12 iliyoandikwa mbele ya mfuko haimwambii mzazi chochote kuhusu lishe. Kinachosema ni uwiano, na uwiano haukuandikwa.

Sifa zake zipo na tuziseme. Unga umesagwa laini, hauna mchanga, na mfuko ukifunguliwa harufu ni ya nafaka iliyokaangwa, si ya ghala. Ulezi ni chaguo zuri sana, maana una kalisi zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, na nafaka nyingine hazifiki hata karibu na hapo. Nembo ya TBS, shirika la viwango la taifa, ipo, tarehe ya kutengenezwa ipo. Jedwali la virutubishi halipo.

Tatizo kubwa zaidi linaanzia jikoni, kwenye maelekezo: vijiko 3 vya chakula vya unga kwa maji nusu lita, chemsha dakika 5. Vijiko 3 vya kusawazisha ni kama gramu 30. Gramu 30 za unga zina takribani kilokalori 115 (kilokalori ni kipimo cha nguvu inayopatikana kwenye chakula), na hizo zimetawanyika kwenye nusu lita nzima. Kikombe cha mililita 250 kinabaki na chini ya kilokalori 60. Sasa mchukue mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 8. Tumbo lake linabeba takribani gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 240. Kikombe kimoja kimemjaza. Mbali na maziwa ya mama, mtoto wa umri huo anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Akifika miezi 9 ni 300, na akivuka mwaka ni 550. Vikombe vitatu vya uji huu havifikishi hata hizo 200. Mama ataona mtoto amekunywa, ameshiba, amelala, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito utakuwa umelala vilevile. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Uji mwepesi si sababu pekee, ila ni sababu ambayo mzazi anaweza kuirekebisha leo, kwa sufuria aliyonayo.

Ukiongeza unga tu, uji unakuwa ugali na mtoto wa miezi 7 hawezi kuumeza. Wanga ukichemka unavimba na kushika maji, ndiyo maana gramu chache zinaonekana nzito. Dawa yake inajulikana nchini kwetu tangu miaka ya 1980, nayo ni kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa amilesi, kinachokatakata wanga ule uliovimba. Pika uji mzito, gramu 50 za unga kwa mililita 250 za maji, mpaka kijiko kinakaribia kusimama. Epua, uache upoe kidogo mpaka uache kufukuta, maana amilesi hufa kwenye moto mkali. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika 5 hadi 10 utauona unalegea mbele ya macho yako hadi unateleza kwenye kijiko, bila kuongezwa tone la maji. Kisha urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kwa kuwa kimea hubeba vijidudu kutokana na kulala kwenye unyevu. Kikombe hicho kinakaribia kilokalori 200. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta ya kula na umepata 40 nyingine.

Kimea chenyewe hutengenezwa nyumbani. Loweka ulezi safi usiku mzima, umwage maji, utandaze kwenye gunia au kitambaa chenye unyevu, ufunike, unyunyizie maji kila siku. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vitakuwa vimetoka. Anika juani mpaka ukauke kabisa, fikicha vichipukizi na mizizi kwenye ungo, peta, saga. Chagua ulezi badala ya mtama: vichipukizi vya mtama hutengeneza sumu ya sayanidi, na asiyevitoa vyote anamhatarisha mtoto. Kati ya mifuko yote ya aina hii iliyojaa madukani, ukikuta mmoja ulioandikwa kwamba una kimea ndani, huo ndio wa kuuangalia mara mbili.

Turudi kwenye zile dakika 5. Soya mbichi ina vizuizi vinavyomzuia mtoto kumeng'enya protini, na maharage mabichi yana sumu inayoharisha na kutapisha. Vyote viwili huharibiwa na joto lenye maji, si kwa kukaangwa juu juu. Soya ya uji huchambuliwa, hutiwa kwenye maji ambayo tayari yanachemka, ichemke dakika 20 hadi 30, ifikichwe maganda kwa maji baridi, ianikwe, ikaangwe kidogo mpaka rangi ya dhahabu, ndipo isagwe. Mtengenezaji aliyefanya hivyo huandika. Kwenye mfuko huu hakuna neno. Kipimo cha nyumbani ni pua: lowesha kijiko cha unga kwa maji ya moto, unuse. Ukipata harufu ya maharage mabichi, soya haikuchemshwa. Unga wa namna hiyo upikwe dakika 20 kamili tangu uanze kuchemka, na kama mtoto anajaa gesi au anaharisha kila akinywa, acha kuutumia.

Jambo la sumukuvu ni zito, na tungependa kila mzazi alielewe. Ukungu wa jamii ya Aspergillus huota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, ukaacha sumu inayoharibu ini. Kenya, mwaka 2004, iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kwetu, mwaka 2016, iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuitoi, kukaanga hakuitoi. Kiwango cha juu kwa nafaka katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yakiwa punje, na karanga zikiwa nzima, mama anaona: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, anaitoa. Zikishakuwa unga, jicho halina kazi tena. Kwenye mfuko wa unga unanunua uaminifu wa mtu aliyechambua, na nembo ya ubora ndiyo ushahidi pekee unaoubeba mkononi. Unga wa lishe wa kupimiwa kwenye ndoo, usio na lebo, wenye karanga ndani, tunashauri usiguswe kwa ajili ya mtoto.

Karanga na ufuta vina tatizo la pili: mafuta. Vikishasagwa, mafuta yake yanakutana na hewa na mwanga, na unga unachacha. Mfuko angavu, uliopangwa dirishani, unaharakisha hilo. Lebo inatoa muda wa miezi 6. Kwa unga wenye karanga, ufuta, mbegu za maboga na dagaa kwa pamoja, kwenye joto la Pwani, muda huo ni mrefu mno. Mwezi mmoja hadi miwili tangu kusagwa ni salama zaidi kwa ladha na kwa afya. Ukichacha utaujua: uchungu unaokwama kooni baada ya kumeza. Usiufunike kwa sukari.

Dagaa tunawapenda sana, ila si humu ndani. Wakisagwa pamoja na nafaka hawawezi kuwa wengi, maana uji utanuka, na kwa uchache huo hawamsaidii mtoto kitu. Watenge: toa vichwa, osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta, twanga, weka kwenye kopo, utie kijiko cha chai kwenye mboga au kwenye uji wakati wa kupika.

Tena kuna suala la mzio. Mtoto anayeanza kula anapaswa kuonjeshwa kitu kipya kimoja kimoja, siku chache kati ya kimoja na kingine. Mfuko huu unampa karanga, soya, ngano, ufuta na samaki kwa kijiko kimoja. Akitokwa na vipele au akitapika, hutajua umlaumu nani.

Mbele ya mfuko kumeandikwa pia kwamba unga huu huongeza damu na unafaa kwa wenye kisukari. Yote mawili yanahitaji tahadhari. Madini ya chuma yamo, lakini nafaka na kunde zina asidi ya fitiki inayoyashika pamoja na zinki yasiingie mwilini. Kuloweka na kuotesha hupunguza asidi hiyo, na chungwa, embe au ubuyu kwenye mlo huohuo husaidia chuma kupita. Chai huzuia. Chuma cha maini, nyama na dagaa huingia kwa urahisi zaidi, na mtoto wa miezi 6 hadi 23 anahitaji chakula cha asili ya wanyama kila siku. Zaidi ya hapo, upungufu wa damu unaotokana na malaria au minyoo hauponi kwa uji. Kwa mwenye kisukari, gramu 50 za unga huu zina zaidi ya gramu 30 za wanga, uliosagwa laini na kupikwa ukalainika, hivyo hupandisha sukari haraka hata kama ndani kuna ulezi. Auhesabu kama chakula cha wanga, asiunywe kama dawa juu ya mlo kamili.

Je, ununue? Kwa mtoto, kwa bei hiyo, hapana, ukiwa na mashine ya kusaga mtaani. Gramu 500 za ulezi, 250 za mahindi, 250 za soya iliyochemshwa kama tulivyoeleza, vyote vimechambuliwa na kukauka, vinakupa kilo yenye protini karibu asilimia 15. Mwambie mwenye mashine asafishe kinu kwanza kwa kusaga nafaka kidogo ya kutupa. Saga kilo moja tu kwa mara moja, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Karanga zisisagwe humo: zitwange mbichi kila siku, kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe, zichemke pamoja na uji, baada ya kuhakikisha mtoto hazimdhuru. Asali isitiwe kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vya botulizimu. Sukari haina kazi humo. Ndizi mbivu iliyopondwa inatosha.

Na kama muda wa kuchambua na kuanika haupo, na kwa mama anayetoka saa 11 alfajiri kwenda kazini hilo ni jambo la kweli, nunua wa dukani wenye viambato vitatu au vinne, soya ikiwa ya pili kwenye orodha, ujazo wa nusu kilo, tarehe ya kusagwa ikiwa ndani ya mwezi. Kisha puuza maelekezo ya vijiko 3. Pika mzito, tia kimea, pima uji kwa kijiko: ukikigeuza, uji uteleze polepole, usimwagike kama chai.