Uzoefu wangu: fremu ya daunhili kwa mtu wa sentimita 196

Nina urefu wa sentimita 196, yaani futi 6 na inchi 5, na uzani wa kilo 98. Ndani ya matatu magoti yangu husumbua mgongo wa abiria wa mbele, na fundi wa nguo akishanipima hukunja futi yake, akatikisa kichwa, ndipo anitajie bei. Nayasema haya mapema ili ambaye hajafika hata sentimita 185 ajue kwamba sehemu kubwa ya shida zangu haimhusu.

Miaka miwili iliyopita nilinunua baiskeli ya daunhili, yaani ya kushukia milima kwa kasi, ya mtumba, Sh95,000, kwa muuzaji wa Nairobi niliyeongea naye kwa simu tu. Ilikuwa ya magurudumu ya inchi 26, imepakwa rangi nyeusi upya hata jina la kampuni halionekani. Kilichobaki ni kibandiko kidogo chenye herufi L. Nikamwambia mimi ni mrefu, je, itanitosha? Akajibu, "Hiyo ni L, boss. Ukiona fupi, inua kiti."

Nikaridhika, na sikuridhika bure. Baiskeli nilifundishwa na Black Mamba ya babu, ile baiskeli nzito ya chuma, kule Busia, mji uleule wa mpakani ambao biashara ya boda boda ilianzia kwa baiskeli za namna hiyo. Black Mamba moja ilihudumia boma zima. Babu akiipanda, kiti kinateremshwa; mjomba akitumwa sokoni, kinapandishwa; sisi watoto tulipenyeza mguu katikati ya fremu tukaendesha tukiwa tumepinda kama upinde. Hakuna aliyewahi kuuliza saizi ya fremu. Baiskeli ilikuwa kiti, na kiti kilikuwa na nati.

Sasa tatizo ni kwamba kwenye daunhili hukai. Unasimama juu ya pedali tangu juu hadi chini, magoti yamelegea, viwiko vimetanuka, na kiti kiko chini kabisa kisikuguse. Urefu wa paipu ya kiti, ambao ndio wauzaji wengi hupima wakikwambia "ni inchi 19", hapo hauna kazi. Mtu aliyesimama anashika baiskeli mahali pawili tu, miguuni na mikononi. Kinachokuhusu ni umbali kati ya hapo pawili, kwenda mbele na kwenda juu.

Hilo nililijua baadaye. Kwanza niliinua kiti.

Kila Jumamosi tulikuwa tunapandisha baiskeli kwa gari hadi juu ya Menengai, tunashuka kwa njia za miguu. Wasiopajua, ni kreta kubwa kaskazini mwa Nakuru, ukingo wake ukifika mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ukingoni hadi chini ni karibu mita 480 za vumbi, mizizi na mawe ya volkano yenye makali ya chupa iliyovunjika. Nilishuka vizuri dakika nne hivi. Halafu ikaja ngazi ya mwamba yenye kina cha goti langu, na goti langu si la kupuuzwa. Gurudumu la mbele likashuka, foki, ile miguu ya mbele yenye springi, ikazama milimita zake zote 200, usukani ukawa chini ya mapaja yangu, na kile kiti nilichokiinua kwa mikono yangu kikanipiga makalio na kunirusha. Niliruka juu ya usukani kama gunia linaloshushwa kutoka kwa lori. Kifundo cha mkono kilifungwa bendeji wiki tatu.

Nikailaumu foki. Nikaipeleka baiskeli kwa fundi wangu, mzee mmoja wa hapa mjini aliyekuwa mwashi kabla hajageukia baiskeli. Akaiegemeza ukutani, akaniambia nipande, nisimame kwenye pedali kama ninavyoshuka. Akaniangalia kwa ubavu. Mabega yangu yalikuwa yamepita ekseli ya gurudumu la mbele na magoti yanagusa usukani.

"Foki haina neno, kijana. Umevaa shati la mtoto."

"Lakini mzee, ni L."

"L ya nani?"

Sikuwa na jibu. Akaenda ndani akatoka na timazi, ile ya kujengea, na kipande cha chaki.

Nataka nieleze vile alivyopima, maana ndiyo faida kubwa zaidi niliyoipata kwa pesa zote nilizotumia, na haigharimu kitu. Baiskeli ilisimamishwa wima kwenye sakafu tambarare ya saruji, bila mtu juu yake. Akaning'iniza timazi katikati ya mdomo wa juu wa lile bomba fupi la mbele ambamo shingo ya foki hupita, akatia alama ya chaki pale ncha ilipogusa sakafu. Akaning'iniza tena katikati ya ekseli ya pedali, ile inayopita ndani ya fremu, akatia alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ndio waendeshaji wanaouita richi. Kisha akapima mdomo ule wa bomba uko juu kiasi gani kutoka sakafuni, na ekseli ya pedali iko juu kiasi gani, akatoa kipimo kidogo kwenye kikubwa. Hiyo ndiyo staki.

Yangu ilisoma richi milimita 425, staki 595. Nilipofika nyumbani nikatazama vipimo vya fremu mpya kwenye kurasa za watengenezaji, nikakuta 425 siku hizi ni saizi ya mtu mfupi. Fremu za miaka kumi na zaidi nyuma zilitengenezwa fupi mbele, na herufi hazikubadilika zilipokuwa zinarefuka. L ya zamani ni S ya leo. Kampuni ya Specialized kwenye Demo, baiskeli yao ya daunhili, waliachana na herufi hizo wakaandika S2, S3, S4 ili mtu achague kwa urefu wa mbele badala ya paipu ya kiti, na mimi nasema walifanya la maana, ingawa kwa mnunuzi wa mtumba bado timazi ni bora kuliko kibandiko chochote.

Kabla sijanunua nyingine nilijaribu kuirefusha ile ile. Fundi alinifungia stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na foki, ya milimita 80 kutoka baiskeli ya kawaida. Usifanye. Mikono ilienda mbele lakini uzito nao ukaenda mbele, usukani ukawa mzito kugeuka, na kwenye mteremko nilihisi kama nasukuma mkokoteni kwa tumbo. Stemu hurekebisha kosa dogo. Fremu iliyopungukiwa sentimita nane haiwezi kusaidiwa na kipande cha chuma.

Fremu ya pili niliipata Naivasha, kwa mzungu mrefu kama mimi aliyekuwa anafunga virago. XL, alumini, ya mwaka 2020, magurudumu ya inchi 29, foki na breki zake: Sh185,000 zote pamoja baada ya kubishana nusu saa na chai vikombe viwili. Kampuni siitaji kwa sababu haitakusaidia. XL ya hii inaweza kuwa L ya ile. Nilikwenda na timazi mfukoni. Richi 505, staki 645. Mwenyewe alicheka, lakini alinishikia futi.

Siku ya kwanza nilirudi palepale Menengai, kwenye ile ngazi. Nilisimama juu yake dakika nzima nikijifanya nakaza glavu. Nikashuka. Gurudumu la mbele lilienda, foki ikazama, na mimi nikabaki nimesimama katikati ya baiskeli, kifua kikiwa mahali pake. Sikufanya lolote la ustadi. Nafasi ilikuwepo, basi.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba ile staki ilinisaidia kuliko richi. Wengi wakiwa warefu hukimbilia urefu wa mbele peke yake. Ila mtu mwenye miguu mirefu akisimama, nyonga zake ziko juu sana. Usukani ukiwa chini, mabega huinama chini ya nyonga hata kwenye tambarare, na mteremko ukiongezeka, safari ya kuruka imeshaanza. Nikaongeza spesa, yaani pete za kuinulia, za milimita 20 chini ya stemu na usukani ulionyanyuka milimita 38. Hapa pana hesabu ya kujua: bomba la mbele la daunhili limelala, la kwangu ni kama nyuzi 63, kwa hiyo kila unapoinua mikono milimita 10 kwa spesa, inarudi nyuma kama milimita 5. Mtu anayejua kwamba atainua mbele asinunue fremu ya richi inayomtosha kabisa. Anunue inayozidi kidogo, kwa sababu atazila hizo milimita kwenye kuinua. Na kwa foki hizi zenye mataji mawili, yaani vishikio viwili vya miguu yake, juu na chini ya bomba la mbele, stemu ikifungwa kwenye taji la juu, nafasi ya kuinua si kubwa. Bomba la mbele likiwa fupi tangu kiwandani, utahangaika.

Ubaya wake upo. Kona za tambarare zilinishinda mwezi mzima. Mbele imerefuka, nyuma imebaki ilivyo kwa saizi ndogo, hivyo ukisimama kwa uvivu uzito wote uko nyuma na gurudumu la mbele linateleza kwenye vumbi kama sabuni. Nilianguka mara mbili karibu na nyumba za watu, mbele ya watoto waliokuwa wametoka shule, ambao bado wakiniona huniuliza kama leo nitaanguka. Inabidi ukiingia kona uinamishe kifua mbele kwa makusudi. Kuna watengenezaji wanaorefusha nyuma pia kadiri saizi inavyopanda, na kama ningepata ya aina hiyo kwa bei yangu ningeichukua.

Springi ya nyuma nayo. Fremu ilikuja na springi ya ratili 400, ambacho ni kipimo cha ugumu wake, nami kwa kilo zangu nikaketisha nyuma hadi ikazama zaidi ya asilimia 40 ya mwendo wake, wakati kawaida ya daunhili ni kama 30. Nyuma ikizama namna hiyo, mbele inanyanyuka na vipimo vyote nilivyovisifu hapo juu vinaharibika. Nilibadilisha ya 500, mtumba, Sh4,500. Mrefu asisahau kwamba kwa kawaida yeye pia ni mzito.

Tena haiingii kwenye Probox. Ile ya kwanza ilikuwa ukilaza kiti cha nyuma inaingia na gurudumu moja. Hii, kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 1,320, natoa magurudumu yote mawili na usukani bado unamchokoza dereva sikioni. Siku hizi tunachanga mafuta na mwenye pikapu.

Kuhusu magurudumu ya 29 nimeulizwa sana. Kwa mtu mfupi, tairi kubwa la nyuma humgusa makalio anapojirudisha nyuma kwenye mteremko mkali, ndiyo maana baadhi huweka 29 mbele na 27.5 nyuma, jambo ambalo UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, iliruhusu mashindanoni mwaka 2019. Mrefu miguu yake inampa nafasi. Greg Minnaar wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa daunhili 2003, 2012, 2013 na 2021, ni mrefu wa karibu sentimita 190, na timu yake ilipoleta baiskeli ya Santa Cruz V10 ya inchi 29 mwaka 2017, aliishindia mbio za Fort William, Uskoti, mwaka huohuo. Sisemi gurudumu ndilo lililoshinda. Ila mimi nikiwa kwenye 26 nilionekana kama dubu wa sarakasi, na kwenye 29 watu wameacha kunipiga picha.

Kama unanunua kwa simu, mwombe muuzaji akupimie hivyo vitu viwili kwa timazi, au hata kwa uzi uliofungwa nati, akutumie picha ya alama za chaki sakafuni na futi ikiwa imenyooshwa katikati yake. Akikataa akakwambia ni L, mshukuru ukate simu. Kwa mwili wangu, chini ya richi 490 sirudi tena, na juu ya 520 sijajaribu.

Ile nyeusi niliiuza Sh70,000 kwa kijana wa kule Bahati mwenye sentimita 170. Tulimpima kwanza kwa fundi, akasimama juu yake viwiko vimetanuka vizuri, magoti mbali na usukani. Jumamosi iliyopita alinipita kwenye ile ngazi ya mwamba akipiga mluzi. Mimi natafuta usukani wa kunyanyuka milimita 50; nikiupata nitatoa spesa moja, nirudishe zile milimita za richi, nipime tena.