Bodi ya kujumlisha kwa triti: nje tatu, ndani mbili

Niseme mapema kwamba mimi ni fundi wa amplifaya, si mtu wa kompyuta. Volti hasi hazinitishi, maana mezani kwangu kila siku kuna umeme wa chanya, wa hasi, na sifuri katikati. Ndiyo maana mpwa wangu aliponionyesha picha ya bodi ya kujiundia inayojumlisha kwa triti, yaani tarakimu zenye thamani tatu, badala ya biti zenye mbili, niliagiza siku hiyo hiyo. Tumekaa nayo wiki tatu sasa, na nina maneno.

Kwenye boksi utakuta bodi yenye ukubwa wa daftari, swichi sita za vituo vitatu, taa nne nyekundu na nne za kijani, mfuko wa rezista, chipu, na kijitabu cha maelekezo. Swichi tatu za kushoto ndizo namba ya kwanza, tatu za kulia ndizo ya pili. Juu ni +5 V, chini ni −5 V, kati ni 0 V. Uzito wa nafasi, ukianzia kulia, ni moja, tatu na tisa, na kila nafasi unaijumlisha, unaitoa au unaiacha. Kwa swichi tatu tu unaandika namba yoyote kuanzia −13 hadi 13. Hasi haiwekewi alama mbele wala biti ya pembeni. Imo humo humo ndani ya namba.

Kulehemu kulituchukua jioni mbili. Bodi yenyewe ni safi: matundu yamepakwa vizuri, majina ya vipande yanasomeka bila miwani. Lakini rezista za swichi zilitakiwa sita, mfukoni zikawa tano. Ungedhani ni jambo dogo. Swichi ikikaa katikati haigusi upande wowote, na ni rezista hiyo tu inayoishikilia kwenye sifuri. Tuliwasha bila ile ya sita ili tuone itakuwaje, na swichi ile ikasomeka + hata ikiwa katikati. Anayeijua LM339, chipu ya kulinganisha volti inayosoma swichi hizi, hatashangaa: mguu wake wa kuingizia hutoa mkondo mdogo sana kwenda nje, na ukiuacha unaning'inia hupanda wenyewe taratibu. Nilichukua rezista ya kilo-omu kumi kwenye droo yangu, mambo yakatulia. Ila mtu anayeanza, asiye na droo, angekesha akitafuta kosa lisilo lake. Nilimwandikia muuzaji, akajibu kwa heshima kwamba atatuma. Bado naisubiri.

Sasa utamu wake. Weka 5 kushoto: tisa, toa tatu, toa moja, yaani juu, chini, chini. Weka 8 kulia: juu, kati, chini. Kabla ya kubonyeza chochote mpwa wangu alikuwa ameshakunja uso, maana kwenye nafasi ya mwisho kuna hasi mbili, na hasi mbili ni −2, namba isiyo na tarakimu yake hapa. Dawa ni kuandika + na kupeleka hasi moja jirani: −3 na 1 ni −2. Nafasi ya pili yanajirudia yale yale. Nafasi yenye uzito wa tisa ina chanya mbili na hasi iliyopokelewa, inabaki chanya moja. Taa tatu nyekundu zikawaka mfululizo: tisa, tatu, moja, kumi na tatu. Umeingiza hasi tatu, zimetoka chanya tupu. Nimeshika umeme miaka mingi, na bado nilizima nikawasha tena ili nione zinavyowaka.

Kuna pia kitufe kinachogeuza namba ya pili, na hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kwenye biti, kutoa kunataka ugeuze biti zote kisha uongeze moja. Hapa unabadilisha juu na chini, basi. Nane kutoa tano inakuwa nane kujumlisha tano iliyopinduliwa, na taa yenye uzito wa tatu inawaka peke yake. Na ukiitupa triti ya mwisho ya 8, inayobaki inasomeka 3, ambayo ndiyo nane gawa kwa tatu ikiwa imekadiriwa kwa namba iliyo karibu zaidi. Kukata ni kukadiria. Hilo kijitabu hakikulitaja kabisa, tuliligundua kwa kuchezea swichi.

Kisha nikaigeuza bodi nikafuata nyaya kwa mita ya kupimia umeme, mazoea ya ufundi. Kila swichi inaingia kwenye vilinganishi viwili: kimoja kinauliza kama volti imepita +2.5, kingine kama imeshuka chini ya −2.5. Baada ya hapo kila triti imeshakuwa nyaya mbili za ndiyo na hapana, na kazi yote ya kujumlisha inafanywa na chipu za kawaida za biti. Tatu ni ngozi. Tumboni ni mbili.

Nilikasirika kidogo, halafu nikakumbuka kwamba hata mkongwe wao alikuwa hivyo hivyo. Setun, kompyuta ya thamani tatu iliyojengwa Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1958 chini ya Nikolay Brusentsov, iliweka kila triti kwenye jozi ya viini vya sumaku. Jozi hiyo ingeweza kubeba biti mbili, yaani hali nne, ikawa inabeba tatu. Zilitengenezwa takriban 50 na zilifanya kazi ya kweli. Kwa hiyo bodi hii haina dhambi mpya, ila muuzaji angesema tu, badala ya kuandika kwenye boksi "triti halisi".

Kijitabu chenyewe kimejaa makeke. Kinadai msingi wa tatu, yaani kuhesabu kwa tarakimu za hali tatu, ndio wenye gharama ndogo kuliko yote, kwa hoja ile maarufu: zidisha idadi ya tarakimu kwa idadi ya hali za kila tarakimu, na kilicho bora ni 2.718, ambayo jirani yake wa karibu ni 3. Sawa. Tulikokotoa kwa namba zote hadi 999,999. Kwa mbili unahitaji tarakimu 20, jumla 40. Kwa tatu unahitaji 13, jumla 39. Arobaini kwa thelathini na tisa! Na hiyo ni kama hali ya tatu inapatikana kwa urahisi ule ule wa zile mbili, jambo ambalo fundi yeyote atalikataa. Transista ya biti inasukumwa hadi ukutani, imefunga kabisa au imefunguka kabisa. Ya katikati haina ukuta wa kuegemea. Niliunga waya wa mita nne kwenye swichi moja nikawasha drili kando yake: chanya na hasi zilikaa imara, sifuri ikawa inapepesa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mifano mizuri ya thamani nyingi ipo na kijitabu kimeiruka. Diski ya SSD ya aina ya QLC hubeba biti nne katika kila seli kwa kutofautisha viwango 16 vya chaji. Huchakaa mapema kuliko zile za viwango viwili, na haiwezi kuishi bila saketi ya kusahihisha makosa, lakini ipo na inauzwa. Kumbukumbu za GDDR7 za kadi za michoro hutuma ishara za viwango vitatu: ishara mbili zina michanganyiko tisa, na nane kati yake zinatosha kubeba biti tatu. Thamani nyingi zimepata kazi ghalani na barabarani. Kwenye kufikiri kwenyewe bado wanatumia mbili.

Na ukurasa wa mwisho wa kijitabu umechanganya mambo mawili. Sifuri ya bodi hii ni namba, si "labda". Thamani ya tatu ya mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, ya mwaka 1920, ilikuwa ya mantiki: si kweli, si uongo, inawezekana. Mpwa wangu anafanya kazi na hifadhidata, ambako NULL ni alama ya thamani isiyojulikana, akacheka: "Mjomba, huyu mwandishi angepewa NULL ajumlishe, angesema jibu ni sifuri."

Je, ununue? Kama unajua kulehemu na una mita, ndiyo, kwa ajili ya ile tano na nane pekee. Kama unatafuta kifaa cha kumfundishia mtoto peke yake chumbani, hapana, mpaka wahesabu rezista na waandike upya kijitabu. Mimi naipa nyota tatu na nusu.

Kasoro moja ilibaki. Sifuri haina taa. Nyekundu ni chanya, kijani ni hasi, na sifuri ni giza, kwa hiyo kila mara mpwa wangu alikuwa akiuliza, "Hiyo ni sifuri au imekufa?" Juzi tulichukua chipu moja ya NOR, ambayo kwa bahati ina milango minne na majibu ya bodi ni manne. Nyekundu na kijani zote zikiwa zimezimika, mlango unawasha taa ya njano. Tumeifunga kwenye kipande cha bodi ya pembeni kwa nyaya kumi na mbili zisizopendeza hata kidogo, na tangu hapo hajauliza tena.