Steghide kwa faili za WAV: sikio halisikii, lakini mkaguzi anaona

Steghide 0.5.1 ilitolewa mwaka 2003 na hadi leo ndiyo programu ambayo mtu akitaka kuficha faili ndani ya sauti huelekezwa kwayo kwanza. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, na kwenye Debian na Ubuntu amri moja inatosha kuisakinisha: sudo apt install steghide. Kwa Windows kuna zipu ya zamani ambayo bado inafanya kazi. Kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo asilia ni kujitafutia kazi, kwa sababu vikusanyaji (kompaila) vya kisasa vinaukataa mpaka urekebishwe. Chukua kifurushi cha Debian ambacho marekebisho hayo yameshawekwa.

Kazi yake inaifanya vizuri: faili inaingia, sauti haibadiliki kwa sikio, na faili inatoka nzima. Tatizo ni watu kuichukulia kama kufuli. Inaficha data isisikike, lakini haifichi kwamba data ipo mbele ya mtu mwenye zana sahihi.

Inapokea aina nne tu za faili: JPEG, BMP, WAV na AU. MP3 hapana, FLAC hapana. Ukiipa MP3 inajibu kwamba aina hiyo ya faili haitambuliki, na kubadilisha jina la mwisho kutoka .mp3 kwenda .wav hakuidanganyi. Kwa WAV tumia PCM, yaani sauti isiyogandamizwa, ya biti 16. Faili za biti 24 zinazotoka kwenye programu za kuhariri sauti mara nyingi huandikwa kwa kichwa (maelezo ya mwanzo wa faili) cha aina nyingine na zinakataliwa, kwa hiyo pitisha kwanza kwenye ffmpeg, programu ya kubadilisha aina za sauti na video:

ffmpeg -i chanzo.flac -c:a pcm_s16le -ar 44100 mvua.wav

Kisha uliza nafasi iliyopo:

steghide info mvua.wav

Itakuonyesha aina ya faili na uwezo wake, halafu itauliza kama ujaribu kusoma data iliyofichwa, jibu n. Hesabu ya juu kabisa ni rahisi kuifanya kichwani: sauti ya chaneli mbili kwa 44,100 Hz ina sampuli (vipimo vya sauti) 88,200 kila sekunde, na ukitumia biti moja ya mwisho ya kila sampuli unapata baiti 11,025 kwa sekunde. Steghide haifiki hapo kwa sababu inatumia zaidi ya sampuli moja kubeba biti moja. Amini namba inayotolewa na info, si hesabu yako, na usijaze hata robo yake. Sababu inakuja hapa chini.

Kuingiza:

steghide embed -cf mvua.wav -ef barua.txt -sf mvua2.wav

Usiisahau -sf. Ukiiacha, mabadiliko yanaandikwa moja kwa moja juu ya mvua.wav, na kama hiyo ndiyo nakala pekee uliyokuwa nayo, basi imekwenda. Vilevile usiandike neno la siri kwa -p kwenye mstari wa amri, maana litabaki kwenye historia ya amri na litaonekana kwa yeyote anayetazama orodha ya michakato inayoendelea. Acha programu yenyewe ikuulize. Jina la faili nalo huingizwa pamoja na data; kama jina lenyewe ni siri, ongeza -N, na anayetoa atalazimika kutaja jina jipya kwa -xf.

Kutoa ni steghide extract -sf mvua2.wav, kisha linganisha sha256sum, yaani alama ya hesabu inayoitambulisha faili, ya barua iliyotoka na ile iliyoingia. Ikisema could not extract any data with that passphrase, kuna uwezekano wa mambo matatu: neno la siri si lile, faili haina kitu, au sauti imeguswa njiani. Programu haikwambii ni lipi, na kwa chombo cha kuficha huo ni uamuzi mzuri.

Kinachoipandisha Steghide juu ya programu ndogo ndogo zinazobadilisha biti ya mwisho ovyo ni namna inavyoweka data. Kwanza inagandamiza faili yako na kuisimba kwa Rijndael ya biti 128, mbinu ya usimbaji inayojulikana pia kama AES. Kisha neno la siri linaamua data itakaa kwenye sampuli zipi, zikiwa zimetawanywa kwenye faili nzima. Sampuli ambazo kwa bahati tayari zina thamani inayotakiwa zinaachwa kama zilivyo. Zilizobaki zinatafutiwa wenza. Chukulia sampuli moja ina 1042 na inatakiwa iwe witiri, na nyingine mbali huko ina 1045 na inatakiwa iwe shufwa. Badala ya kuzihariri zote mbili, inabadilishana: ya kwanza inapewa 1045, ya pili 1042. Zote mbili zimepata zinachotaka, na idadi ya 1042 na 1045 kwenye faili haijabadilika. Mtu akichora chati ya mara ngapi kila thamani inatokea, chati inafanana na ya mwanzo. Tofauti ni ya hatua chache kati ya 32,768, kiasi kinachomezwa na mvumo wa kawaida wa maikrofoni.

Wenza hao wakiisha, sampuli zilizobaki zinaandikwa juu kwa nguvu, na hapo chati inaanza kuchafuka. Ndiyo maana ya kutojaza faili. Faili kubwa ikijazwa pia hutumia muda na kumbukumbu nyingi, na hilo linakera kuliko linavyoharibu.

Hata ukijaza kidogo, faili mbebaji ndiyo inayoamua. Kosa la kawaida ni kuchagua wimbo safi wa studio unaoanza kwa ukimya wa kidijitali. Ukimya huo ni sampuli za sifuri tupu, maelfu kwa mfululizo. Baada ya Steghide kupita, katikati ya sifuri zinatokea thamani ndogo ndogo zilizotawanyika, kitu ambacho ukimya tupu wa kidijitali hauna. Ukiifungua faili na kuivuta karibu, utaziona kwa macho bila zana yoyote. Rekodi ya mvua, ya soko, ya mtu akizungumza chumbani, hizo ni mbebaji bora kwa sababu biti zake za mwisho tayari ni kelele. Rekodi iwe yako na isiwe imewahi kusambazwa. Mtu mwenye nakala ya asili anatoa moja kutoka kwa nyingine kwa amri moja ya sox, programu ya kuchakata sauti:

sox -m -v 1 mvua.wav -v -1 mvua2.wav tofauti.wav

Kama hakuna kilichofichwa, tofauti.wav ni ukimya mtupu. Kama kipo, akipandisha sauti vya kutosha atasikia mchwachwa. Basi ukishamaliza, futa mvua.wav, pamoja na nakala yake kwenye kinasa sauti na kwenye hifadhi ya mtandaoni inayojisawazisha bila kukuuliza.

Njiani, karibu kila kitu kinaiua data. Kuipandisha sauti desibeli moja, kubadilisha 44,100 kwenda 48,000, kukata sekunde ya mwanzo, kugeuza kuwa MP3, AAC au Opus: yote haya yanaandika upya zile biti ambazo siri imekaa. Kugeuza WAV kwenda FLAC na kurudi ni salama, mradi biti na kiwango cha sampuli vibaki vilevile. Programu za ujumbe hugandamiza sauti zinapoituma kama sauti, kwa hiyo itume kama faili ya hati au ndani ya zipu, na mpokeaji apewe sha256sum kwa njia nyingine ili ahakikishe kabla ya kuanza kulaumu neno la siri.

Sasa udhaifu wenyewe. Steghide inageuza neno la siri kuwa mbegu (namba ya kuanzia) ya biti 32 tu ya kuchagua mahali pa kuficha. Hilo limesajiliwa kwenye CVE, orodha ya umma ya udhaifu wa programu, kama CVE-2021-27211 na toleo la 0.5.1 halina dawa yake. Biti 32 ni uwezekano wa takriban bilioni 4.3, na kompyuta ya kawaida inaweza kuupitia wote. Programu inayoitwa Stegseek hufanya hivyo kwa amri stegseek --seed mvua2.wav: haihitaji neno la siri ili kujua kuna kitu, na kama uliingiza bila kusimba, yaani kwa -e none, inakitoa chenyewe. Kwa maneno ya siri ni balaa zaidi. Orodha ya rockyou.txt, ya maneno ya siri yaliyowahi kuvuja, ina zaidi ya maneno milioni 14, na waundaji wa Stegseek wanasema inaimaliza chini ya sekunde 2. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa halifiki popote.

Fanya hivi: simba barua kwanza kwa gpg -c, yaani kwa programu ya usimbaji ya gpg na neno la siri, kisha iingize ukitumia -Z inayozima ugandamizaji, kwa kuwa faili iliyosimbwa haigandamiziki tena, na uache usimbaji wa Steghide ukiwa umewashwa. Ukiuzima kwa kudhani gpg inatosha, Stegseek itatoa faili yenye kichwa cha gpg, na mkaguzi ataijua mara moja ni barua iliyosimbwa. Neno la siri liwe maneno sita au zaidi yaliyochaguliwa kwa kete, na la gpg liwe tofauti na la Steghide. Yaliyomo yatakuwa salama. Kuwepo kwake bado kunagundulika, na kama kwako kuwepo ndiko hatari, Steghide si chombo chako.

Mbadala? DeepSound ya Windows ina madirisha na vitufe, inasimba kwa AES-256 na inapokea FLAC, lakini John the Ripper, programu ya kuvunja maneno ya siri, ina hati (skripti) ya kushughulikia maneno yake ya siri, kwa hiyo shida ya neno dhaifu ni ileile. MP3Stego ya Fabien Petitcolas, ya mwaka 1998, inaficha wakati wa kutengeneza MP3 yenyewe. Ni ya kujifunzia, inabeba kidogo mno, na mtu akiifungua MP3 na kuigandamiza upya siri imefutika.

Kama unachotaka si kuficha barua ila kutia alama kwenye rekodi ili ujue nakala gani imevuja, achana na hizi zote na utumie audiowmark. Inaweka biti 128 tu, lakini inazitandaza kwenye masafa ya sauti na kuzirudia mfululizo, hivyo zinavuka MP3 ya kbit 128 kwa sekunde. Anza na audiowmark gen-key alama.key, kisha:

audiowmark add --key alama.key wimbo.wav wimbo-a.wav 0123456789abcdef0011223344556677

Usiruke ufunguo, kwa sababu bila huo alama inawekwa kwa ufunguo wa kawaida ambao kila mwenye programu anao. Kusoma ni audiowmark get --key alama.key wimbo-a.wav. Kipande kimoja cha alama kinachukua karibu dakika moja ya sauti, kwa hiyo tangazo la sekunde 20 litakupa matokeo ya kubahatisha. Kuna chaguo la --short la kubeba biti pungufu ya hizo 128, nalo linafaa zaidi kwa rekodi fupi.