Galaxy Zoo: huduma nzuri, ila picha zake zinaficha mtaa

Galaxy Zoo ni huduma ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa Julai 2007 na wanaastronomia wa Uingereza, akiwamo Chris Lintott wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambao walikuwa na picha za galaksi (mikusanyiko mikubwa ya nyota na gesi) zinazokaribia 900,000 kutoka darubini ya Sloan ya Marekani lakini hawakuwa na macho ya kutosha kuzitazama. Mtumiaji hadaiwi cheti wala malipo. Anaonyeshwa picha, anaulizwa kama galaksi iliyo katikati ni laini na ya mviringo au ina umbo la sahani, na jibu lake ndilo linaloamua swali linalofuata, hadi afikie lile la kama galaksi hiyo inagongana na jirani yake. Katika mwaka wa kwanza yalipokelewa majibu zaidi ya milioni 50. Mimi nimeitumia kwa simu jioni nyingi, na kifurushi kidogo cha intaneti kimenitosha.

Kilichonishika ni galaksi nyekundu zenye mikono, yaani zile za umbo la sahani ambazo nyota zake zimejipanga kama mikono iliyojikunja. Rangi ya bluu hutokana na nyota kubwa changa, ambazo huishi miaka milioni chache tu, hivyo galaksi iliyoacha kuzaa nyota hupoteza bluu na kubaki na wekundu wa nyota ndogo zilizozeeka. Kwa kawaida galaksi zenye mikono ni za bluu na zile za mviringo ni nyekundu, kiasi kwamba watafiti wengi walikuwa wakikisia umbo kwa kutazama rangi. Macho ya watu yalitenganisha mambo hayo mawili, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 ukaonyesha kwamba, tukilinganisha galaksi zenye masi sawa, rangi hubadilika sana kulingana na msongamano wa majirani, ilhali umbo hubadilika kidogo tu. Kwa maneno mengine, mtaa, yaani mazingira ya galaksi, unaweza kuzima uzazi wa nyota bila kuibomoa galaksi yenyewe.

Namna unavyoizima inaonekana vizuri katika lundo la galaksi liitwalo Mashuke (Virgo), lililo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 54. Nafasi kati ya galaksi za huko imejaa gesi nyembamba yenye joto la mamilioni ya nyuzi, na galaksi inayotumbukia humo kwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa sekunde hukutana na upepo unaoipokonya gesi yake baridi, huku nyota zake zikibaki mahali pake. Galaksi iitwayo NGC 4402 iko katika hali hiyo sasa hivi. Nyingine hazipokonywi kwa nguvu, bali hukatiwa gesi mpya kutoka nje na kumaliza polepole akiba iliyobaki. Hata hivyo ujirani si kifo siku zote, kwani NGC 4038 na NGC 4039 zinagongana na mgongano huo umebana gesi yao hadi nyota zinazaliwa kwa wingi. Tena, utafiti wa mwaka 2010 kutokana na majibu ya huduma hii hii ulihitimisha kwamba mazingira peke yake hayatoshi kueleza kwa nini galaksi yenye mikono inakuwa nyekundu.

Lawama yangu inaanzia hapo. Kila picha hukatwa kulingana na ukubwa wa galaksi, kwa hiyo kubwa na ndogo zinajaza kioo sawasawa, na majirani wengi wanabaki nje ya fremu. Kwa kupima umbo bila upendeleo hilo ni sahihi, lakini anayetaka kuelewa mazingira anaachwa na nusu ya habari. Ninashauri huduma hii itumike pamoja na ramani ya anga ya Sloan, ambayo nayo ni ya bure: itafute NGC 4402, kisha punguza ukuzaji mpaka galaksi kubwa ya M86 iingie kwenye kioo.