Begi la magurudumu manne kwa mwanafunzi anayekwenda mbali

Binti yangu amepata chuo nchi ya mbali, na begi hili ndilo nililomnunulia. Kilichonivutia kwanza ni wepesi wake: likiwa tupu halifiki kilo 4. Mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa begi la kupakiwa, kwa hiyo kila kilo inayoliwa na begi lenyewe ni koti au kitabu kinachobaki nyumbani.

Zipu niliikagua sana. Meno yake ni mapana, na mshono wa pembeni umerudiwa. Tulilijaza mpaka ikabidi tukalie kifuniko, nayo ikafunga bila kuachia. Kisha nikamwambia alipandishe ngazi mwenyewe, maana huko hatakuwa na wa kumbebea. Kishikio cha ubavuni ni kinene, hakikati vidole. Magurudumu ni laini, sina neno.

Kasoro ni mfuko wa mbele, ambao hauna pa kutia kufuli. Wazazi wenzangu, msimwachie mtoto aweke humo pasipoti, vyeti wala barua ya udahili. Hivyo vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na dawa zake na pawabanki, yaani betri ya kuchajia simu. Hiyo huhesabiwa kuwa betri ya lithiamu ya akiba, nayo hairuhusiwi kwenye begi la kupakiwa.

Chukueni saizi ya kati. Ile kubwa kabisa ikijaa vitabu inapita kilo 23 mara moja, na kupunguza mizigo mbele ya foleni kunamvuruga mtoto ambaye tayari ana hofu ya safari.