Mihuri ya kutengenezea kadi za salamu: ipi ianze, ipi ingoje

Kabla ya kuchagua picha ya ua au ya ndege, chagua mpira wa muhuri wenyewe. Wengi wanaoanza kutengeneza kadi kwa mkono hununua kwa macho: picha imependeza, imeingia kapuni. Baadaye mistari inatoka imekatika au wino unatapakaa, nao wanaamini hawana mkono wa kazi hii. Mkono wao ni mzima. Muhuri, wino na karatasi vilinunuliwa kila kimoja kivyake, ndiyo maana havielewani. Nimepanga aina za mihuri kwa jinsi zinavyomfaa mtu wa kugonga kadi nyumbani. Picha nzuri zimo katika kila aina, kwa hiyo sikuzihesabu.

1. Muhuri angavu wa fotopolima

Huu ndio wa kuanza nao. Fotopolima ni plastiki laini inayogandishwa kwa mwanga. Huja ukiwa mwembamba, umelazwa kwenye karatasi ya plastiki pamoja na wenzake. Unaubandua, unaubandika kwenye kibao cha akriliki (plastiki ngumu angavu), nao unashika wenyewe bila gundi. Ukimaliza unaurudisha. Vibao viwili, kidogo na kikubwa, hutosha mihuri mingi, na mkusanyiko mzima unakaa ndani ya faili moja. Lakini kinachoupa nafasi ya kwanza ni kwamba unaona kilicho chini yake. Neno "Hongera" likikaa upande hata kidogo, kadi nzima huonekana imepinda, na ukishagonga umeshagonga. Kwa muhuri angavu, juu ya kibao kilichochorwa miraba, unajua neno litatua wapi kabla halijatua.

Una masharti yake. Ukiwa mpya huwa na utando unaokataa wino, hivyo sugua uso wake taratibu kwa raba ya penseli kabla ya kuugonga mara ya kwanza. Ni laini, basi usiukandamize: mistari hutanuka na herufi ndogo huziba. Uweke mbali na jua. Usiupake wino wa kiyeyushi (uliotengenezwa kwa kemikali kali badala ya maji) wala usiusafishe kwa spiriti, kwani vyote viwili huuharibu. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Ukigeuka wa njano au ukibaki na madoa ya wino, usiutupe, chapa yake haibadiliki.

Tahadhari moja: si kila muhuri angavu ni fotopolima. Ile ya silikoni hufanana nayo kabisa ikiwa kwenye pakiti, lakini ukiupaka wino unajikusanya vitone vitone juu yake na chapa inatoka na mabaka. Soma maandishi ya pakiti. Kama neno fotopolima halimo, mimi huiacha hapohapo.

2. Mpira mwekundu wenye sifongo ya kunata nyuma

Kwa ubora wa chapa peke yake, huu ungekuwa wa kwanza. Mpira huu umepikwa na salfa, njia ambayo Charles Goodyear aliigundua mwaka 1839 na kuipatia hataza mwaka 1844. Mpira mbichi hunata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, lakini ukishapikwa na salfa hushika umbo lake. Mtengenezaji huukandamiza ndani ya kalibu yenye moto, na kila mstari wa kalibu hubaki kwenye mpira. Ndiyo maana manyoya ya ndege, mishipa ya jani na vivuli vya nukta nukta hutoka vizuri zaidi kwenye mpira mwekundu. Isitoshe, hauchagui wino: hata ule wa kiyeyushi, unaoua fotopolima, huuvumilia.

Nimeuweka wa pili kwa sababu moja tu, huoni kilicho chini yake. Siku utakayopata kifaa cha kupangia mihuri (nitakifikia), sababu hiyo inakwisha na nafasi zinabadilishana.

3. Mpira uleule juu ya kibao cha mbao

Hupendeza mkononi, hauhitaji kibao kingine, na ni mzuri sana kwa mtoto. Ila hula nafasi: mihuri ishirini ya mbao ni droo nzima. Picha iliyochapwa juu ya mbao nayo haiaminiki, kwani mara nyingine haikukaa sawasawa na mpira ulio chini. Ukinunua, ugeuze. Tazama kama mpira umekatwa karibu na picha, maana kingo zilizoachwa pana hushika wino na kuacha alama pembeni. Tazama pia kama kuna sifongo kati ya mpira na mbao. Bila sifongo, kasoro yoyote ya meza itaonekana kwenye kadi.

4. Wa kuchonga mwenyewe

Kipande cha mpira laini wa kuchongea, au hata raba kubwa ya penseli, na patasi ndogo yenye ncha ya V. Unafaa kwa maumbo manene kama nyota, majani na mawimbi. Maneno yachongwe kinyumenyume, na nakushauri usianze na maneno.

5. Muhuri wa ofisini unaojipaka wino

Wino wake ni mmoja, kubadili rangi ni usumbufu, na fremu yake hukuzuia kuona. Uache kwenye kazi yake. Nyuma yake kabisa naweka maboksi makubwa yenye mihuri mingi na vipedi vidogo vya rangi kumi: vipedi hivyo hukauka mapema, na mihuri utakayoitumia kweli humo ndani ni michache.

Mihuri ya maneno

Hapa msomaji wa Kiswahili ana shida yake. Seti nyingi huja na maneno ya Kiingereza, na wengi hukimbilia seti ya herufi ili wajipangie. Hesabu kwanza. Seti nyingi za herufi hutoa nakala chache za kila moja, nasi tunaila A kama njugu: "Asante sana" peke yake ina A nne. Utalazimika kugonga herufi mojamoja, na mstari utayumba. Njia iliyo bora ni kumpelekea mtengenezaji wa mihuri maneno yako, "Hongera", "Pole sana", "Asante", "Heri ya kuzaliwa", kwa mwandiko unaoupenda, na kumwomba bamba la mpira peke yake, bila fremu ya ofisini. Libandike kwenye mbao au akriliki. Kama fedha ni za muhuri mmoja tu, nunua wa neno, kwa sababu ua waweza kulichora kwa kalamu, lakini neno lililogongwa vizuri ndilo huifanya kadi ionekane imekamilika.

Wino

Anza na mweusi, na uuchague kwa kazi itakayofuata baada ya kugonga. Ukitaka kujaza picha kwa rangi za maji, chukua usioyeyuka kwa maji ukishakauka. VersaFine ya Tsukineko ni wa aina hiyo, na hutoa mistari myembamba safi. Ukitumia kalamu za spiriti kama Copic, mambo hugeuka: Memento, wa kampuni hiyohiyo, hautapakai chini ya spiriti, ilhali wino wa kiyeyushi kama StazOn utavuja na kuchafua picha nzima. StazOn mahali pake ni kwenye plastiki, foili na karatasi za kung'aa, na kwa mpira mwekundu tu.

Wino wa kawaida wa kunyonywa na karatasi hukauka haraka lakini hufifia zaidi kwenye mwanga. Wino mzito wa chembe hukaa juu ya karatasi, hukauka polepole, na kwenye karatasi ya kung'aa unaweza usikauke kabisa bila joto. Ucheleweshaji huo ndio hufaa kwa poda ya kuinua chapa: unagonga, unanyunyiza poda, unakung'uta ya ziada, unaiyeyusha kwa kipuliza joto. VersaMark, wino usio na rangi, umetengenezwa kwa kazi hii. Draya ya nywele haifai, kwani upepo wake huipeperusha poda kabla haijapata moto wa kuiyeyusha.

Karatasi

Chagua laini, isiyo na mikwaruzo, ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Karatasi yenye vinyweleo hukata mistari hata ukiwa na mpira bora kuliko yote. Karatasi ya A4 ukiikata katikati hutoa kadi mbili. Kila moja ikikunjwa ni A6, milimita 105 kwa 148, na huingia bila shida kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162. Kabla ya kukunja, pitisha kitu butu kando ya rula mahali pa mkunjo, la sivyo karatasi nzito itapasuka mgongoni.

Kifaa cha kupangia mihuri

Ni kisanduku chenye kifuniko angavu: karatasi inashikwa na sumaku chini, muhuri unabandikwa kwenye kifuniko, unafunga na kubonyeza. MISTI ndiyo inayojulikana zaidi. Thamani yake kubwa ni kugonga mara ya pili mahali palepale. Chapa ikitoka na upungufu, unapaka wino tena na kufunga tena, bila kutupa karatasi. Kwa mwenye kadi tano kwa mwaka si lazima. Kwa anayetengeneza kadi hamsini za mwaliko zinazofanana, ningekinunua kabla ya muhuri wa tatu.

Na kama unakusudia kuuza kadi zako, soma masharti ya kampuni kabla ya kulipa. Picha ya muhuri ina hakimiliki. Kampuni nyingi huruhusu kuuza kadi zilizogongwa kwa mkono, baadhi zikitaka jina lao liandikwe nyuma, lakini hukataza kuiskani picha hiyo na kuichapisha kwa mashine. Ambayo masharti yake huyaoni, iandikie uulize kwanza.