Rinda la aproni: kukusanya au kukata duara?

Patani ya aproni isiyo na rinda usiitumie ilivyo. Ukitaka rinda la sentimita 12, fupisha sketi kwa kiasi hicho, kisha urudishe sentimita moja na nusu ya mshono. Vinginevyo aproni itafika vifundoni.

Rinda la kukusanya ni kipande kilichonyooka, chenye urefu mara mbili ya pindo. Pindo la sentimita 90 linataka 180, na kitenge kina upana wa kama 115, kwa hiyo ukikata kwa upana lazima uunge. Shona mistari miwili ya hatua ndefu, vuta nyuzi za chini taratibu, sambaza mikunjo. Linajaa vizuri, ila kitambaa kizito kinafanya mshono uwe mnene na sindano ya cherehani inalalamika.

La duara halikusanywi kabisa. Gawanya 90 kwa 6.28 (pai mara mbili): kata tundu la nusu kipenyo cha sentimita 14 hivi, ukiacha nafasi ya mshono kwa ndani. Linaanguka laini. Taabu iko kwenye upindo, maana ukingo wa mshazari hunyumbuka, na kama kitenge kina picha za ndege, wengine watatazama chini.

Kwa aproni ya jikoni, inayofuliwa kila mara, mimi nakusanya.